Siku Kuku wa Cucu Walipogeuka Mradi

Februari iliyopita nilishuka kutoka Nanyuki kwenda kwetu Mukurweini kumwona mama. Nilikuwa nimevaa koti zito, maana asubuhi ya Nanyuki unaijua, inaweza kukung'oa masikio. Nilipofika nyumbani koti lilikuwa limekuwa adhabu. Jua lilikuwa kali hivi kwamba mbwa wa jirani hakubweka. Aliinua kichwa, akanitazama, akaona sistahili taabu hiyo.

Mama hakunipa hata nafasi ya kuvua viatu. Kulikuwa na mafunzo ya kikundi cha akina mama kwenye uwanja wa kanisa, akanishika mkono twende. Tukaketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema, na mwalimu wa siku hiyo akasimama. Alikuwa baba mdogo, ndugu mdogo wa marehemu baba yangu. Ni mzee sasa, ana kofia ya kuficha upara na alishika kipaza sauti ambacho sauti yake haijawahi kukihitaji. Somo lilikuwa namna ya kuwapunguzia kuku joto.

Nisikize vizuri, rafiki yangu, maana hapo ndipo damu ilianza kunichemka. Akasema kuku akipanua mdomo na kuachanisha mabawa na mwili, ujue joto limemzidi. Akasema kuku wasifungiwe mchana. Akasema miti ipandwe, maji yawekwe kivulini na yabadilishwe kila mara, magunia yaloweshwe na kutundikwa upande upepo unakotoka, mahindi yatolewe asubuhi na jioni tu. Akina mama wakawa wanaitikia kwa vichwa, na mmoja nyuma yetu akanong'ona kwamba mzee huyu ana maarifa. Kisha baba mdogo akashusha sauti, akasema kwa upole, "Mimi haya yote nilifunzwa na mama yangu. Mama alipenda kuku sana."

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilikuwa nadhani nimepoa.

Mama yake huyo ndiye cucu, nyanya yetu. Tuliishi naye boma moja, mlango wake ukitazamana na wa kwetu. Katikati ya nyumba hizo mbili ulisimama mti wa mukinduri, mkubwa, wenye matawi yaliyotanda hadi juu ya jiko. Mukinduri hudondosha vitunda vigumu ambavyo vikishapasuka kuku hugombania mbegu zake, na chini yake udongo ulikuwa laini kwa sababu kuku walikuwa wameuchimba miaka na miaka. Saa za jua kali ungewakuta wamelala mle kwenye vishimo vyao, ubavu mmoja ardhini, jicho nusu wazi, wakijirushia vumbi. Kibanda chao kilikuwa cha mbao, kimeinuliwa juu ya nguzo, na mbao zilipigiliwa kwa kuachiana nafasi ya kidole ili hewa ipite. Walilala humo usiku tu. Mchana kilikuwa cha kutagia mayai, na kuku akishataga alitoka akitangaza kijiji kizima kisikie.

Msimu wa jua, kuanzia Januari mpaka mvua ya njahi, ile ndefu ya Machi, inyeshe, kazi yetu watoto ilikuwa maji. Tulitoka shule tukiwa bado ndani ya sweta. Unazikumbuka zile sweta za shule? Za sufu, rangi ya buluu iliyokoza, zinazowasha shingo. Jua linapasua mawe na mwalimu wa zamu amesimama mlangoni kukagua nani amevua yake. Sisi watu wa mlima adui tunayemjua ni mmoja, baridi. Mtoto akikohoa, ni baridi. Akiumwa na tumbo, ni baridi. Akifeli hesabu, mtu atauliza kama alilala bila kujifunika. Hata cucu mwenyewe alikuwa hivyo. Alitufunga vitambaa vichwani hadi tukaonekana kama wagonjwa, na hakuna aliyemshinda kwa hofu ya upepo wa mlangoni.

Lakini kwa kuku alifanya ubaguzi. Alisema kuku alizaliwa na sweta, na sweta yenyewe haina vifungo. Basi tulibeba maji. Tulimwaga mengine kuzunguka shina la mukinduri, udongo ukatoa ile harufu ya mvua ya kwanza. Mengine tulijaza kwenye vigae vya mitungi iliyovunjika, na tukayamwaga na kuyajaza tena kabla hayajapata moto. Tulikata shina la mgomba vipande vipande, maana lina maji ndani na kuku hulidonoa kwa furaha, halafu tukalowesha magunia ya katani yaliyobaki baada ya kahawa kuuzwa na kuyatundika upande wa bondeni. Ole wako umkimbize kuku saa hiyo. Cucu alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa, na hakuitumia kwa kutembelea.

Baadaye tulikula githeri, mahindi na maharagwe, yenye parachichi juu yake, tumeketi kwenye mizizi, kuku wakipita katikati ya miguu yetu kutafuta punje iliyoanguka. Haya hayakuwa maarifa ya siri ya mtu. Kila nyumba ya ukingo wetu ule wa mlima ilifanya hivyo, na kila mtoto alijua. Baba mdogo alijua. Alikua akibeba maji yaleyale, kwa mti uleule. Kama angekuwa mgeni aliyetoka mjini bila kumwona kuku ila kwenye sahani, ningemsamehe zamani.

Sasa nikueleze kuku wale walikuwa nini kwa cucu, ili usiseme nina hasira ya bure. Shamba lilikuwa la guka, mume wake, na alipofariki likawa la wanawe. Kahawa ilikuwa ya wanawe. Ng'ombe alikuwa wa baba yangu. Hata kiti alichokalia cucu jioni kilikuwa cha guka, naye alikikalia kwa adabu. Kuku walikuwa wake. Hakuna mwanaume aliyewahi kuuliza wako wangapi. Mwanaume mzima kuuliza habari za kuku ilikuwa aibu. Mwanamke akijifungua kwenye ukingo wetu, cucu alimpelekea jogoo wa supu bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mgonjwa alipelekewa mayai. Mjukuu akikosa kalamu, kuku mmoja alikwenda sokoni na kalamu ikarudi. Mwanamke aliyekuwa anaomba ruhusa ya kila kitu, hapa alikuwa anaamua, na ungemwona hata mwendo wake ulivyokuwa akivuka uwanja na lile bakuli la mahindi.

Kisha neno likaingia kijijini, neno lenyewe likiwa mradi. Watu kutoka mjini walikuja wakakutana na wanaume kwenye kilabu cha kahawa, wakawaambia kwamba kuku ni mradi. Naapa, tangu siku hiyo wanaume waliokuwa wakipiga kuku teke wapite wakaanza kuwasalimia. Baba mdogo alirudi akitembea kama mtu aliyeteuliwa. Wageni wangekuja kutembelea wakulima wa mfano, naye alitaka kuwa mfano. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na baba mdogo upara ulimwanza mapema.

Alimwambia cucu kwamba kuku wake watajengewa nyumba ya kisasa. Cucu hakukataa. Mwanao akikuambia anakujengea, utakataa vipi? Aliomba jambo moja tu, mukinduri usiguswe. Baba mdogo akaitikia vizuri. Siku ya soko cucu akaenda Karatina, na aliporudi jioni akakuta jua limeingia hadi mlangoni kwake. Mti ulikuwa umelala uwanjani ukipasuliwa mbao. Fikiria hilo kwa utulivu kama unaweza, mimi sijaweza. Aliwakatia kuku kivuli chao ili awajengee nyumba ya kuwakinga.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mabati, juu mabati, kuta mabati, mlango tu ndio wa mbao. Madirisha yalikuwa mawili, madogo, na juu yake akapigilia karatasi ya nailoni kwa sababu ya, ngoja nikuambie, baridi. Akafungia kuku wote ndani, akasema kuku wa mradi hawazururi. Kibanda cha zamani akakivunja kikawa kuni. Kisha akaweka kufuli kubwa mlangoni, akatia ufunguo kwenye mfuko wa koti. Cucu akawa anamngoja mwanawe aamke ndipo awape kuku wake maji.

Jumapili moja baba mdogo alikwenda kwenye harambee ya kanisa upande wa Othaya. Alikwenda alfajiri na koti lake, na ufunguo ndani ya koti. Sisi tulitoka ibadani saa za adhuhuri. Cucu alisimama katikati ya uwanja, akainua mkono tunyamaze. Nilidhani anasikiliza kitu. Alikuwa anasikiliza kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusikia.

Tulichungulia kwenye upenyo wa mlango. Joto la ndani lilinipiga usoni kama la tanuri ya mkate. Kuku walikuwa wamebanana chini ya ukuta mmoja, midomo wazi, mabawa yameachana, koo zikipigapiga haraka. Wengine walikuwa hawafanyi hivyo tena. Cucu akatutuma maji. Tulikimbia na mitungi na sufuria, tukamwaga juu ya paa, na maji yalikauka kabla ya kufika ukingoni. Tulirusha magunia yaliyoloweshwa, tukakata majani ya mgomba na kuyatandaza juu. Ndani kuku mwingine akaanguka, tukasikia.

Baba yangu alikuwa ameketi kwenye veranda na sahani ya chakula cha Jumapili. Nampenda baba yangu, Mungu amlaze pema, lakini sitamficha. Alisema tungoje mwenye ufunguo arudi. Jirani aliyekuwa amekuja kumtembelea naye akasema tungoje, mlango wa mtu hauguswi. Watu wazima wawili, wamekaa kivulini, wanashauri kungoja.

Cucu akaingia jikoni, akatoka na shoka la kuni. Baba akasimama, akamwambia, "Mama, hiyo mlango si yako."

"Mlango ni yake," cucu akasema. "Kuku ni yangu."

Akapiga. Kufuli lilikuwa imara kuliko mbao, kwa hiyo mbao ndizo zilizoachia. Zilikuwa mbichi bado, mbao za mukinduri. Tuliwabeba kuku hadi migombani, tukawalaza kwenye udongo uliolowa, cucu akawa anawadondoshea maji kwenye kilemba na miguuni kwa vidole, kidogo kidogo. Nilishika mtetea mmoja mwekundu kifuani kwangu, moyo wake ukienda kasi nikashindwa kujua mapigo ni yake au ni yangu. Baada ya muda akafunga mdomo. Siku hiyo nilijua kwamba kuku kufunga mdomo kunaweza kumliza mtu. Wengi walipona. Jogoo hakupona.

Jumatatu jioni kukawa na kikao cha familia, na wazee wawili wa kanisa wakaalikwa. Cucu ndiye aliyeshtakiwa. Alikuwa amevunja mlango na amemwaibisha mwanawe wageni wakiwa karibu kuja. Na kuku waliokufa je? Baba mdogo alisimama mbele ya mama yake mzazi, akasema kwa uso mkavu, "Hao walipigwa na baridi. Mama alifungua mlango upepo ukaingia, halafu akawamwagia maji."

Ilikuwa Februari. Sisi watoto tuliokuwa tukisikiliza dirishani tulikuwa tumelowa jasho. Wale wazee wawili, mmoja akiwa na koti na skafu, wakatikisa vichwa. Baridi, wakasema, ni mbaya. Baridi haina mchezo. Baba yangu, aliyeona kila kitu na sahani yake mkononi, alikohoa na kutazama viatu vyake. Wakaamua mlango utengenezwe, kuku wawe chini ya mradi, na cucu awe akimwomba mwanawe mayai anapoyahitaji. Wakamwuliza kama ana neno. Akasema hana. Wakafunga kwa maombi, na mmoja akamshukuru Mungu kwa mama mnyenyekevu.

Asubuhi baba mdogo alipanda kwenda Nyeri kununua bawaba mpya. Alipokwisha kupita kona, cucu aliniita. Sikwenda shule siku hiyo. Alimshika kuku wa kwanza, akamfunga miguu kwa uzi wa mgomba, akanipa na kuniambia nimpelekee mama fulani ng'ambo ya mto, aliyekuwa amejifungua mapacha. Nikarudi, akanipa mwingine wa mke wa mwalimu. Mwingine wa mjane aliyeuza mboga njia panda. Kila mmoja alikuwa na ujumbe uleule, kwamba cucu amesema asifungiwe ndani mchana. Wanawake walinitazama, wakanipa ndizi mbivu au uji, hawakuuliza lolote. Nadhani walijua. Yule mtetea mwekundu alikuwa wa mwisho. Nilimwambia cucu tubaki na huyo, mmoja tu. Akamfunga miguu kwanza.

"Nikibaki na mmoja," akasema, "huyo ndiye wataniwekea kufuli."

Baba mdogo alirudi na bawaba zake akakuta nyumba ya kisasa imejaa vumbi la mbao na manyoya. Wageni walipokuja akawaonyesha mabati. Baadaye ikawa stoo ya mbolea.

Cucu aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakufuga kuku tena. Watu walimletea vifaranga, akawarudisha. Uwanja wake ukawa safi, hauna kinyesi, hauna vishimo, na hauna sauti. Asubuhi ukiamka hapo ungesikia redio ya baba tu. Nikitoka shule ya bweni kumsalimia, alinituma dukani ninunue mayai mawili ya trei, yenye kiini cheupe. Alinipikia, akaketi kunitazama nikila, akasema hayana ladha. Mwanamke aliyekuwa akiwapelekea wagonjwa wa ukingo mzima mayai yaliyo na joto bado, alinunua mayai dukani. Na mwanamke akijifungua jirani, cucu alituma salamu. Hakuwa na kingine cha kutuma.

Kwa hiyo unaelewa nilivyokuwa nimeketi pale chini ya hema. Baba mdogo alikuwa amemaliza, akauliza kama kuna swali. Nilisimama. Mama alinivuta nguo kwa nyuma nikae, akanifinya paja kama mtoto.

"Baba mdogo," nikasema, "waambie hawa pia kwamba cucu alikufa bila kuku hata mmoja. Na uwaambie ni kwa nini."

Baba mdogo alishusha kipaza sauti, akarekebisha kofia. Sikuona hasira usoni mwake, afadhali ningeiona. Akacheka kidogo na kusema, "Ah, msichana wetu, hayo ni mambo ya zamani. Zamani hatukuwa tumefunzwa." Mwenyekiti wa kikundi akaingilia haraka, akasema tunamshukuru mzee wetu kwa moyo wake, na tumpigie makofi matatu. Wakapiga. Mama yangu akapiga, kisha akanishika nguo tena. Halafu kukawa na chai, watu wakaanza kuongea juu ya maharagwe ya njahi yatakayopandwa kama mvua itafika.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama na mimi. Jua lilikuwa bado linachoma. Ukingo wetu siku hizi una mabati mengi kuliko majani, na miti ni ile myembamba ya mbao inayopandwa mipakani, haimfuniki hata kifaranga. Karibu na nyumbani mama alisema nimemwaibisha, kwamba mtu hamwulizi mzee hivyo mbele ya watu, na kwamba vitu vya zamani vimekwisha kupotea na havirudi kwa kelele.

Neno hilo kupotea ndilo linalonikera hadi leo, na nalisikia kila mahali watu wanapozungumza juu ya nyanya zao. Sindano hupotea. Kuku wa cucu hawakupotea. Niliwabeba mimi mwenyewe, mmoja mmoja, mchana kweupe, nikipita mbele ya milango ya watu, na hakuna aliyetoka kuuliza ninawapeleka wapi.